Kiwanja cha Mtani: Mpimaji Alipwe na Nani?

Tuliachana wiki iliyopita chuma kikiwa kimeshatua. Kigingi cha kwanza cha kiwanja cha Raheli, kile cha kona ya nyuma, kilipigiliwa pale pale mashine ilipoonyesha. Na pale penyewe palikuwa ndani ya banda la jiko, karibu kabisa na mafiga, chungu cha mlenda kikichemka. Kutoka nyuma ya moshi sauti ya kike ikauliza:

"Nani huyo anapigilia chuma jikoni kwangu?"

Wiki nzima mmebishana ni sauti ya nani. Watu wa Manundu mkasema jini. Watu wa sokoni mkasema ni mke wa pili wa Mzee Mhina, aliyeuza kiwanja. Poleni wote. Mzee Mhina hana mke wa pili, na huyo wa kwanza alimpata kwa kubembeleza.

Moshi ukasogea. Akatokea Bibi Mwatumu, dada mkubwa wa Mzee Mhina, mwiko mkononi.

"Shikamoo bibi," akasema Valentino, kofia keshaivua. Valentino ndiye mpimaji, kijana wa Korogwe, na ile mashine yake ya miguu mitatu anaitunza kuliko mchumba.

"Marahaba mwanangu. Sasa huo msumari wako umeuleta kwangu unatafuta nini?"

"Ndiyo kona ya kiwanja, bibi. Mashine imesema."

"Mashine yako imewahi kusonga ugali?"

"Hapana, bibi."

"Basi jikoni isiseme."

Nyuma ya Valentino, Raheli aliziba mdomo kwa kanga asicheke. Lakini moyoni hakuwa na cha kuchekea, na wewe uliyeanza kusoma leo inabidi ujue kwa nini.

Raheli ni Msambaa wa Bumbuli, anauza kabichi. Anashusha mzigo Korogwe, anauza mpaka gulio la Sindeni. Yeye na mama yake wamepanga chumba kimoja Manundu, hapo hapo Korogwe, na chumba hicho mwisho wa mwezi huu anaingia bwana harusi, mtoto wa mwenye nyumba. Ndiyo maana akanunua kiwanja Sindeni, kando ya barabara iendayo Handeni, kwa huyu Mzee Mhina, Mzigua mwenye maneno mengi kuliko mahindi. Matofali yapo, yamechomwa, yamepangwa. Fundi wa msingi anafika kesho asubuhi. Fundi huyo alishawahi kubomoleshwa ukuta kwa ajili ya mpaka wa kukisia, na tangu siku ile ana kiapo: bila vigingi vinne hachimbi, anapanda baiskeli yake anakwenda kwenye kazi nyingine Kwaluguru.

Kwa hiyo vigingi ni leo. Visipokuwa leo, mama mtu mzima anatandikiwa mkeka barazani kwa watu.

Mzee Mhina akaingia jikoni anahema.

"Dada, usijali, mashine imekosea. Kijana, hebu king'oe hicho, kisogeze mpaka kwenye ua wa minyaa."

"Nisogeze vipi, mzee? Makubaliano yenu yanasema mita. Mimi nimepima mita."

"Mita zile ni hatua zangu. Nilizihesabu mwenyewe siku ya kuuza."

Hapo mtu mmoja huko nje akakohoa kicheko, maana majirani walikuwa wameshaanza kujaa. Sindeni hakuna anayepitwa na mashine ya miguu mitatu.

Ilivyokuwa ni hivi. Siku ya mauziano hapakuwa na kamba wala futi. Mzee Mhina alitembea mwenyewe, na Mzee Mhina akiwa anauza hutembea kama kuku mwenye vifaranga, kisigino kinasubiri kidole. Alitaka hatua ziwe nyingi, kiwanja kiwe kidogo. Dalali aliyewakutanisha, Yordani, akaiandika idadi ile ile, ila penye hatua akaweka mita, kwa sababu mita inasomeka kisomi. Leo mita zimedai urefu wake. Zimeruka ua wa minyaa, zimeingia jikoni.

Raheli hapo hakuweza tena. Alicheka mpaka akashika nguzo.

"Mtani, ulitaka kunipunja, na miguu yako imekupunja wewe."

"Cheka tu, Msambaa. Ungepima wewe wa milimani, hatua moja mbele, mbili umeteleza."

"Sisi tunateleza kwa sababu kwetu kuna maji. Ninyi mtateleza na nini?"

Majirani wakashangilia. Mzigua na Msambaa ni watani toka enzi za babu wa babu, na watani wakikutana hakuna anayekumbuka kilichomleta. Hata Valentino, ambaye ni wa kabila jingine kabisa, alikuwa anatabasamu.

Bibi Mwatumu tu ndiye hakucheka. Alikoroga mlenda wake taratibu.

"Kwa hiyo mmeuziana," akasema. "Lini hiyo?"

"Siku ile ya gulio kubwa, bibi," akajibu Raheli.

"Ahaa. Mimi nilikuwa Kwamsisi kwa mwanangu aliyejifungua. Nimerudi juzi. Nikaona matofali, nikamuuliza mdogo wangu ya nani, akaniambia kuna mtu kayaweka kidogo." Akaonja mlenda kwa ncha ya mwiko. "Endeleeni, wanangu. Msinijali mimi."

Mzee Mhina alikuwa anatazama dari. Jiko lile halina dari.

"Kigingi kinasogezeka, wenyewe mkikubaliana," akasema Valentino. "Hilo dogo. Lakini kabla sijagusa chochote, nani ananilipa?"

Ghafla kila mtu akapata shughuli. Mzee Mhina akaanza kupangusa vumbi kwenye kiatu. Yordani dalali akaenda kuifuta pikipiki yake, ambayo ilikuwa inang'aa. Raheli akamtazama mzee.

"Usinitazame hivyo, mama. Mpimaji ni wa mnunuzi."

"Wa mnunuzi kivipi, wakati kiwanja ni cha muuzaji?"

"Nani mwenye shida ya mpaka? Mimi nimekaa hapa toka nazaliwa, mpaka haujaniuma hata siku moja."

"Mzee wangu, mimi nikikuuzia kabichi nakukabidhi kabichi yote. Sikwambii nenda katafute mwenyewe majani yanapoishia."

"Kabichi haina jirani."

Majirani wakamkubalia mzee lile neno. Lilikuwa neno zuri, tuseme haki.

Valentino akaanza kukunja mguu mmoja wa mashine. "Wazee wangu, mimi nilipigiwa simu na Yordani. Akasema njoo, hela ipo."

"Ipo," akasema Yordani kutoka kwenye pikipiki. "Sikusema iko kwa nani."

Mguu wa pili ukakunjwa. Raheli akaona kesho yake yote inaingia kwenye mfuko wa turubai. Akasogea mpaka mbele ya Mzee Mhina, akasimama.

"Mtani. Siku ile gulioni, mbele ya watu, nilikuuliza mpimaji atalipwa na nani. Ulisema nini?"

"Nilisema mengi. Mimi mtu wa watu."

"Ulichukua kabichi yangu pale chini, kubwa kuliko zote, ukaiweka kwapani, ukasema: mtani wangu, wewe lipa kiwanja, mpimaji niachie mimi, hata atoke Ulaya. Ulisema, hukusema?"

"Alisema," akadakia mama mmoja nje. "Mimi nilikuwepo, nilikuwa nauza bamia."

"Nilisema," Mzee Mhina akakubali, na akatabasamu kama mtu aliyekuwa anausubiri mlango huo ufunguliwe. "Lakini nilisema kwa utani. Msambaa ataambiwaje neno la kweli na Mzigua sokoni? Watu walicheka au hawakucheka?"

"Walicheka."

"Kabichi ulinidai?"

"Sikukudai."

"Kwa nini?"

Jibu lilikuwa linajulikana.

"Kwa sababu mtani hadaiwi," mzee akamalizia. "Kabichi ilikwenda kwa utani, na neno likaja kwa utani. Ukilidai neno, mimi nitaidai heshima. Mwulizeni dada yangu, yeye ndiye mjuzi wa mila hapa."

Wote wakamgeukia Bibi Mwatumu. Bibi akashusha chungu, akafunika.

"Kweli," akasema. "Neno la utani halidaiwi. Nani mwingine alikuwepo siku hiyo, Raheli mwanangu?"

"Yordani alikuwepo, bibi. Yeye ndiye aliyepokea hela."

"Yordani akapokea. Ahaa. Endeleeni."

Mguu wa tatu wa mashine ukakunjwa. Valentino akaanza kuvuta zipu ya mfuko.

Hapa ndipo mwanamke mwingine angelia, na mwingine angetukana. Raheli hakufanya hata moja. Alivua kandambili zake, akazipanga vizuri pembeni. Akavuka mafiga. Akakaa chini, kitako, miguu imenyooka, kigingi cha Valentino kikiwa katikati ya magoti yake kama mchi wa kinu.

"Basi kama ni utani," akasema, "tuwe watani kweli. Nimekaa."

Nje walipiga vigelegele.

Wasomaji wa mbali msishangae. Huku kwetu mtani ana haki zake. Msibani mtani akiingia kaburini akajilaza, maiti haishuki mpaka huyo mtani akombolewe, yaani apewe kitu anachotaka. Hakuna kumvuta mkono, hakuna kumkunjia uso. Anayemkasirikia mtani habari zake hufika Kwamsisi kabla yake, na huko huongezwa chumvi. Raheli hakupata kaburi, akapata shimo la kigingi. Na jikoni hapapikwi kitu mpaka ainuke.

Jasho likamtoka Mzee Mhina.

"Dada, mwambie huyu."

"Nimwambie nini? Kakaa. Mila si umeitaja wewe?" Bibi Mwatumu akamgeukia Raheli. "Lakini na wewe sharti unalijua, mtani. Ukiinuka kabla hujakombolewa, umejikomboa mwenyewe. Hudai tena, hata ukirudi na ukoo mzima."

"Nalijua, bibi. Siinuki."

"Nakupa kuku," akasema Mzee Mhina.

"Kuku wako nawajua, wanatembea kama wewe. Atafika mwezi ujao ndiyo nimle."

"Jogoo."

"Sitaki anayeniamsha. Nataka mpimaji alipwe, mtani. Vigingi vinne viingie ardhini leo, mimi nainuka naondoka zangu."

Mzee Mhina akazunguka mafiga mara ya kwanza. Akazunguka ya pili. Mlango mzima ulikuwa vichwa vya watu. Mwishowe akashusha mabega.

"Haya. Nusu kwa nusu. Wewe nusu, mimi nusu. Mambo yaishe."

Na Raheli, kweli ya Mungu, alikuwa tayari. Nusu ilikuwa ndani ya uwezo wake, na jua lilikuwa bado lipo. Alifungua kinywa aseme ndiyo, nanyi wasomaji mngeyafunga magazeti yenu mkaenda kunywa chai.

Lakini Valentino akauliza swali la kazi.

"Sawa, nusu kwa nusu. Namwandika nani?"

"Kumwandika nani kivipi?" akauliza Mzee Mhina.

"Mimi nina utaratibu wangu, mzee. Anayenilipa ndiye ninayemwandika kuwa mwenye shamba. Na mwenye shamba ananitembeza mpaka mzima, anagusa kila kona kwa mkono wake, majirani wanasikia akisema hapa pangu, hapa pa fulani. Ndiyo nampigilia. Bila hivyo kesho mnanirudisha hapa kugombana."

"Mwandike Raheli."

"Raheli hajui mpaka, ni mgeni. Muuzaji ndiye anatembea. Ni mzunguko mmoja tu, mzee. Twende."

Mzee Mhina akashika goti.

"Mguu huu," akasema. "Unajua huu mguu tangu mvua zile."

"Jana ulikwenda gulioni na mguu huo huo," akasema Bibi Mwatumu, "ukarudi umebeba mtungi."

"Ndio uliouumiza, dada."

"Basi gusa kona hii moja tu ya hapa jikoni. Huna haja ya kutembea. Gusa, sema hapa pangu."

Mzee Mhina akanyoosha mkono kuelekea kile kigingi. Majirani wakasogea. Mkono ukafika nusu ya njia, ukabaki hewani, vidole vikicheza kama vya mtu anayepima joto la uji. Kisha ukarudi mfukoni.

Raheli akaona. Na hapo kwake haukuwa utani tena. Tangu asubuhi alidhani anagombana na bahili. Bahili hutetemeka akiambiwa toa. Huyu alikuwa ameshakubali kutoa nusu. Huyu alitetemeka alipoambiwa sema pangu.

"Mtani," akasema polepole. "Hili shamba ni la nani?"

Bibi Mwatumu akanawa mikono. Akaipangusa. Akafungua fundo la kanga, akatoa noti zilizokunjwa mpaka zikawa kama karanga, akamwekea Valentino kiganjani.

"Hesabu mwanangu, kama haitoshi nipo."

Valentino akahesabu, akatazama juu. "Inatosha, bibi. Lakini wewe unalipa kwa niaba ya nani?"

"Mtu anapima shamba langu, alipe nani? Jirani? Niandike mimi, Mwatumu. Shamba hili mama yetu aliniachia mimi, kwa mdomo wake, wazee wakiwepo, na wengine wapo hapo mlangoni wanajifanya hawanijui. Kunja suruali, twende nikutembeze."

Mlangoni watu wawili wazima wakainamisha vichwa.

Mnaona mambo hayo. Asubuhi nzima Raheli amepigana mpimaji alipwe na mwingine. Amelipwa na mwingine. Vigingi vinne vitaingia leo leo, kama alivyotaka, na kila kimoja kitaingia kwa jina la Bibi Mwatumu. Hela ya kiwanja imekwenda, matofali yako juu ya shamba la mtu, na yeye amekaa chini jikoni hawezi hata kuinuka akafuata.

Bibi Mwatumu akajifunga kibwebwe, akatoka. Sauti yake ilisikika ikizunguka huko nje, kona baada ya kona. "Hapa pangu, kule pa Mzee Kilo." Nyundo ikagonga. "Hapa pangu mpaka kwenye mkonge, kuanzia pale ni barabara." Nyundo. Mzee Mhina alibaki jikoni, amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, mbele ya mtani wake.

"Ulijua si pako," akasema Raheli.

"Nilijua."

"Na ukaniuzia."

"Nilikuuzia kwa ruhusa, Raheli. Naapa." Hakumwita Msambaa, hakumwita mtani. "Acha arudi. Nitasema akiwepo."

Bibi akarudi, vumbi magotini, Valentino na majirani wakiwa bado kona ya mbali wanamalizia kigingi cha mwisho. Hiki cha jikoni kilikuwa hakina haja ya kugongwa tena, kilikuwa ndani ya shamba moja na vingine vyote. Akamtazama Raheli pale chini.

"Sasa wewe. Jiko ni langu, kwa hiyo ukombozi wako uko kwangu, si kwa huyu. Sema unataka nini. Lakini tuelewane: ardhi haiombwi kwa utani. Babu zetu na babu zenu walikubaliana hivyo, la sivyo ninyi mngekuwa mmeshahamia wote huku tambarare."

Raheli akafikiri. Kuku hamtaki. Hela akiomba, atapewa hela ya utani, ya kununulia sukari. Kiwanja hakiombwi. Akamtazama Mzee Mhina juu ya kinu, kisha matofali, na mdomo wake ukaanza kupinda upande mmoja kama zamani.

"Nipe huyu, bibi."

"Yupi?"

"Huyu mdogo wako. Anibebee matofali, moja moja, kwa hatua zake hizo hizo, mpaka nyumba yangu isimame hapo yalipo. Ikisimama namrudisha, mzima, na kabichi juu."

Bibi Mwatumu akafungua mdomo acheke, kisha akaufunga. Akamtazama Raheli kwa jicho jingine. Maana akisema chukua, amesema pia nyumba ya Raheli isimame. Wapi? Hapo hapo. Na mtani akishapewa, hanyang'anywi.

"We mtoto," akasema. "Bumbuli mnalishwa nini?"

"Viazi, bibi."

Hapo Bibi alicheka. Tangu hadithi hii ianze hatujawahi kumsikia akicheka, na ni kicheko cha kusikika mpaka barabarani. Akajifuta machozi.

"Nitakujibu. Neno langu liko mdomoni, usiinuke. Ila kwanza kuna kitu nataka kukisikia." Akageuka. "Mhina. Mdogo wangu. Hela ya mtoto wa watu iko wapi?"

"Si unayo, dada?"

"Mimi?"

"Dada, nilikupelekea Kwamsisi. Nilikata ya tumbaku kidogo, iliyobaki yote nikatuma, na ujumbe: nimepata mnunuzi, mwanamke mwenye adabu, ukikubali pokea, ukikataa rudisha. Jibu likaja kwamba umepokea, umecheka, umesema mpe. Uliporudi juzi hukutaja hela, ukauliza matofali ni ya nani kama vile hujui. Nikajua umekasirika, nikaogopa kuuliza. Ndiyo maana mkono ulikataa kugusa. Nilitaka nikusikie wewe kwanza."

"Sikupokea hata salamu." Sauti ya Bibi ilikuwa imeshuka. "Nani ulimtuma?"

Mzee Mhina hakuhitaji kujibu. Huko uani, pikipiki ilipigwa teke, ikakohoa.

Yordani alikuwa amekaa juu yake, bila kofia, bila kuaga, kitambaa cha kufutia kikiwa bado begani. Akapiga teke tena. Ikakohoa tena. Valentino na majirani walikuwa mbali, kona ya barabarani, wameinama juu ya kigingi. Mzee Mhina alisimama, na mguu ule, safari hii kweli, ukamwangusha.

Teke la tatu likaiwasha.

Kutoka uani kwenda barabarani kuna njia moja tu. Inapita kati ya rundo la matofali na jiko, nyembamba, upande ule ule ambao jiko halina ukuta. Anayepita hapo na pikipiki lazima apunguze mwendo, na anayesimama jikoni anaweza kumshika mkanda. Anayesimama. Aliyekaa hamfikii.

Bibi Mwatumu alikuwa upande wa pili wa mafiga, na jibu lake bado liko mdomoni.

Gurudumu la mbele likaingia penye njia. Raheli akamwona Yordani uso kwa uso, na Yordani akamwona yeye, chini, kitako, na akatabasamu, kwa sababu na yeye sharti analijua: Raheli akiinuka, hana tena cha kudai.

Raheli akaweka viganja vyote viwili ardhini.